Unapobaki Peke Yako: Mwongozo kwa Mkristo Anayepita Kipindi cha Upweke

Katika Yohana sura ya 5 kuna mtu aliyeugua miaka 38. Alikuwa amelala kando ya birika la Bethzatha, Yerusalemu, penye matao matano yaliyojaa wagonjwa wengine, waliongoja maji yatibuliwe kwa kuamini kwamba anayeingia kwanza hupona. Yesu akamwuliza kama anataka kuwa mzima. Mtu mwingine angesema ndiyo. Yeye akajibu: "Bwana, mimi sina mtu wa kunitia birikani." Ukisoma haraka utadhani hakulijibu swali. Lakini kama umewahi kukaa peke yako muda mrefu, utajua amelijibu barabara. Miguu ilikuwa shida yake ya pili.

Nimeandika kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: mjane ambaye wageni wa msiba wamekwisha kuondoka, mgonjwa asiyetoka nyumbani, aliyehamia mahali asipojulikana, anayemuuguza mzazi usiku na mchana, aliyetengwa na ndugu zake kwa sababu ya imani, na hata yule anayekaa katikati ya benchi lililojaa kila Jumapili na kurudi nyumbani bila mtu kumwuliza habari. Siahidi kwamba ukizifuata hatua hizi kwa wiki moja upweke utakwisha. Ninachosema ni kwamba zina mpangilio wake, na mpangilio wenyewe una maana. Nimeuazima kutoka 1 Wafalme 19, pale Mungu alipomhudumia Eliya jangwani.

Kwanza tuondoe mzigo usio wako

Wakristo wengi wapweke hubeba mizigo miwili: upweke wenyewe, na aibu ya kuwa mpweke. "Kama ningekuwa na Yesu kweli, ningejisikia hivi?" Fungua Mwanzo 2:18. Mungu anasema, "Si vema huyo mtu awe peke yake." Angalia maneno hayo yamesemwa lini. Dhambi inaingia katika sura ya 3, hapa tuko sura ya 2. Adamu hana kosa lolote, anazungumza na Mungu bustanini, na bado Mungu mwenyewe anasema jambo moja halijakaa sawa. Kumhitaji mwanadamu mwenzako ndivyo ulivyoumbwa. Anayekuambia "Yesu anatosha, acha kulia" amesema ukweli mahali pasipo pake.

Kiswahili kinatusaidia pia. Kuna faragha na kuna upweke. Marko 1:35 inamwonyesha Yesu akitoka alfajiri kwenda mahali pasipokuwa na watu ili aombe. Hiyo ni faragha, aliichagua, na alijua kuna watu wanaomtafuta. Daudi katika Zaburi 25:16 anasema "mimi ni mkiwa na mteswa." Huyo hakuchagua. Usikubali mtu akuhubirie faragha wakati wewe una ukiwa.

Hatua ya 1: Anza na mwili

Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa kuliko wote maishani mwake, mlima Karmeli. Malkia Yezebeli akatuma ujumbe mmoja tu wa vitisho, na nabii akakimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Zingatia hilo la mtumishi: alimwacha mtu wa mwisho aliyekuwa naye. Mtu aliyechoka sana hufanya hivyo, hufukuza hata yule aliyebaki.

Mungu hakuanza na mahubiri. Malaika akamgusa akamwambia, "Inuka, ule." Mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula kingine, akasema safari ni kubwa mno kwake. Swali la "unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja siku 40 baadaye.

Basi fanya hivyo. Kabla ya kujiuliza Mungu yuko wapi, jiulize ulikula lini. Mtu anayeishi peke yake huacha kupika kwa sababu "nampikia nani?" Pika kidogo, weka kwenye sahani, keti mezani, omba baraka kwa sauti. Oga na kuvaa nguo za mchana hata kama hakuna anayekuja. Toka nje kila siku ukapigwe na jua, hata kama ni kusimama mlangoni. Lala saa zilezile, na simu iwe mbali na kitanda. Tena usiamue jambo kubwa baada ya saa nne usiku: usivunje uchumba, usiandike ujumbe wa kumkata mtu, usihitimishe kwamba Mungu amekuacha. Mambo ya usiku yasubiri asubuhi.

Wiki zikipita na usingizi hauji, chakula hakipiti, au huwezi kabisa kuinuka, nenda kwa daktari. Hiyo haikupunguzii imani. Paulo alipobaki karibu peke yake gerezani, mtu mmoja aliyekuwa naye alikuwa Luka, yule ambaye Wakolosai 4:14 inamwita tabibu mpendwa.

Na kama unawaza kufa, soma hapa taratibu. Musa aliomba afe (Hesabu 11:15). Eliya aliomba. Yona aliomba. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye Mungu alimkubalia ombi hilo, na hakuna aliyeambiwa kwamba amekwisha kuwa mpagani. Lakini wote watatu walilitamka. Wewe pia litamke, leo, kwa mtu mwenye masikio: "Nawaza kujiua, naomba usiniache peke yangu usiku huu." Sema hivyohivyo, usizunguke. Vitu unavyoweza kujidhuru navyo mpe mtu mwingine avitunze. Kama hakuna anayepokea simu, nenda hospitali iliyo karibu useme maneno hayohayo mapokezi, au piga namba ya dharura ya mahali ulipo. Hatua nyingine zote za mwongozo huu zinaweza kusubiri, hii haisubiri.

Hatua ya 2: Lalamika mbele za Mungu, tena kwa sauti

Tumefundishwa kumsifu Mungu. Kulalamika mbele zake wengi hatukufundishwa, na tunaona kama ni utovu wa adabu. Zaburi zinasema vingine. Zaburi ya 13 inaanza na "Ee BWANA, hata lini utanisahau" na neno "hata lini" linarudi mara nne katika mistari miwili ya kwanza. Zaburi ya 102 inamlinganisha mwombaji na ndege aliye peke yake juu ya nyumba. Ya 142, ambayo kichwa chake kinasema Daudi alikuwa pangoni, inalalamika kwamba hakuna anayemjali.

Halafu kuna ya 88. Karibu zaburi zote za maombolezo hufika mahali zikageuka: "lakini mimi nitakutumaini." Ya 88 haigeuki. Inaanza na kilio, inaendelea na kilio, na neno lake la mwisho ni giza. Mimi nilipita miaka mingi nikiiruka, nikidhani imewekwa kwa bahati mbaya. Kisha nikapata ugonjwa ulionifungia ndani miezi mitatu, na zaburi hiyo ikawa ndiyo pekee niliyoweza kuisoma bila kujisikia mnafiki. Waliopanga Zaburi walijua kuna usiku ambao mtu hana "lakini". Wakamwachia maneno yake.

Namna ya kufanya ni rahisi. Tenga dakika 15, wakati uleule kila siku, mchana ikiwezekana. Soma zaburi moja kati ya hizo kwa sauti, maana aliye peke yake husahau hata sauti yake inavyosikika. Kisha sema au andika yako kwa kufuata njia hiyohiyo: mwite Mungu kwa jina unalomwitia siku zote, mweleze linalouma bila kulipamba, mtajie watu waliokuacha kwa majina, mwombe jambo moja. Ukipata neno la tumaini mwishoni, liseme. Usipolipata, sema amina uinuke ukafanye kazi nyingine. Dakika 15 zikiisha, funga daftari. Maombolezo yasiyo na mpaka hugeuka kuwa kujizungusha palepale, na kuna tofauti kati ya kumlilia Mungu na kujililia mwenyewe mbele ya kioo.

Kama unaogopa kwamba unamkosea Mungu kwa kusema hivi, kumbuka kwamba Yesu msalabani aliomba kwa maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Aliyasema yeye, asiye na dhambi.

Hatua ya 3: Hesabu upya

Kule Horebu, mlima aliofika baada ya zile siku 40, Eliya alisema mara mbili kwamba amesalia yeye peke yake. Rudi nyuma sura moja. Katika 1 Wafalme 18:13 Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme, alimwambia Eliya, uso kwa uso, kwamba amewaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, na kuwalisha. Eliya alikuwa na habari hiyo. Hakudanganya pale Horebu, alikuwa ameshindwa kuhesabu. Uchungu humfanyia mtu hivyo, anawaona waliokufa na waliokimbia, na walio mapangoni anawasahau. Mungu akamsahihisha hesabu: kuna 7,000 Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti.

Kuna hesabu nyingine ya kizazi chetu. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti inayosema mtu 1 kati ya 6 duniani anaathiriwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Sikutajii takwimu hizo kukutisha. Maana yake nyingine ni hii: katika ibada ya watu 60, huenda kuna 10 wanaokaa na jambo lilelile unalodhani ni lako peke yako. Wamo mapangoni, na hawajui kwamba na wewe umo.

Chukua karatasi. Andika majina, usifikirie kama wanakupenda au la. Andika yeyote aliyekusalimia kwa jina mwezi uliopita, hata muuza duka. Andika waliowahi kukusaidia hata mara moja, hata miaka 10 iliyopita. Andika uliosoma nao ambao bado unajua pa kuwapata. Andika watu ambao wewe uliacha kuwajibu (orodha hii huwa ndefu kuliko tunavyopenda kukiri). Mwisho, kwa herufi ndogo, andika mmoja mliyekosana. Usifanye lolote na karatasi hiyo siku hiyo. Iache ilale.

Hatua ya 4: Omba kwa jina, kwa kitu, kwa siku

Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fungua 2 Timotheo 4 kuanzia mstari wa 9. Paulo yuko kifungoni, anajua kifo kiko karibu. Mistari michache tu juu yake ameandika kwamba amevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo ameumaliza. Maneno mazito, tunayasoma kwenye mazishi. Kisha kalamu hiyohiyo inaandika: "Jitahidi kuja kwangu upesi." Dema ameniacha, amekwenda Thesalonike. Kreske yuko Galatia, Tito Dalmatia. Luka peke yake yupo. Mlete Marko. Lile joho nililoliacha Troa kwa Karpo uje nalo, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Na mstari wa 21: "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi."

Angalia alivyoomba. Hakuandika "niombeeni, nina upweke". Alitaja mtu wa kuja, mtu wa kuletwa, vitu vya kubebwa na mahali vilipo, na wakati wa mwisho wa kufika. Timotheo akimaliza kusoma anajua afunge mzigo gani na apitie wapi. Mtume aliyeandika kwamba anayaweza mambo yote katika yeye amtiaye nguvu, ndiye huyu anayesema nahisi baridi, nataka joho langu, na nataka watu.

Sisi hufanya kinyume. Tunaandika "jamani niombeeni, napitia magumu" kwenye kundi la simu la watu 200. Wanajibu mikono ya maombi 40, hakuna anayekuja, tunazidi kuumia. Kosa halikuwa lao peke yao. Ombi lisilo na jina halina wa kulibeba. Na wengine hatuombi kabisa. Tunasubiri watu waone wenyewe kwamba hatupo, tuwapime. Huo mtihani hakuna anayeufaulu. Mficha maradhi kilio kitamuumbua.

Rudi kwenye karatasi yako, chagua watatu. Yesu naye usiku wa Gethsemane alichukua watatu, Petro, Yakobo na Yohana, akawaambia, "kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Kila mmoja mwombe jambo moja dogo lenye siku. Kama maneno ni mazito, anza na haya uyageuze yawe yako:

"Shikamoo mama. Tangu msiba nimekuwa peke yangu sana. Naomba Alhamisi jioni uje tukae saa moja tu. Usibebe chochote."

"Mchungaji, Bwana asifiwe. Sijafika ibadani wiki sita. Simlaumu mtu. Naomba apatikane mshirika mmoja awe ananipigia simu kila Jumatano, hata dakika tano."

"Kaka, najua tuliachana vibaya. Sitaki tuanzie hapo. Ningependa tu kukusikia. Naweza kukupigia Jumamosi asubuhi?"

Ujumbe wa tatu ndio mgumu, na Paulo anahusika hapo pia. Yule Marko anayemwomba aletwe ndiye yule ambaye katika Matendo 15 Paulo alikataa kusafiri naye, hata yeye na Barnaba wakagombana na kutengana. Miaka imepita, na sasa Paulo anasema "anifaa kwa utumishi." Wakati mwingine mtu unayemhitaji yuko kwenye ile herufi ndogo mwishoni mwa karatasi. Sisemi umrudie aliyekupiga au kukudhalilisha. Huyo mwache, kusamehe hakukulazimishi kumfungulia mlango. Nasema juu ya wale tuliogombana nao kwa sababu ambazo leo hatuzikumbuki vizuri.

Wengine hawatajibu. Jiandae kwa hilo kabla hujatuma. Wale watatu wa Gethsemane walilala, na Yesu aliporudi mara ya pili walikuwa wamelala tena, na mara ya tatu. Paulo anakiri kwamba katika jawabu lake la kwanza hakuna aliyesimama upande wake, wote walimwacha. Na hapohapo anaomba wasihesabiwe hatia, kisha anasema Bwana alisimama pamoja naye. Kwa hiyo mmoja asipojibu kwa siku tatu, mwulize mara moja zaidi, kisha nenda kwa jina linalofuata. Kutojibiwa si hukumu juu yako. Mara nyingi ni mtu aliyesoma ujumbe akiwa anakimbilia mahali akasahau.

Hatua ya 5: Ipe siku mifupa

Siku ya mpweke haina umbo. Asubuhi ni kama jioni, Jumanne ni kama Ijumaa. Danieli alikuwa mateka katika nchi ya watu, na sura ya 6:10 inasema alipiga magoti mara tatu kila siku, madirisha ya chumba chake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Anza na vigingi vitatu kama hivyo: asubuhi, mchana, jioni. Vifupi. Asubuhi zaburi moja, mchana sala ya Bwana, jioni kutaja kwa majina watu watatu unaowaombea. Dirisha ukiweza lifungue kweli.

Katikati ya vigingi weka kazi ya mikono, ikiwezekana inayohusu kitu chenye uhai. Mshairi Mwingereza William Cowper, aliyezaliwa mwaka 1731, alisumbuliwa na giza la akili maisha yake yote. Alipoanguka vibaya mwaka 1773, mchungaji wake, John Newton, yule aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa, alimpokea nyumbani kwake akakaa naye zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka uliofuata Cowper akaanza kufuga sungura watatu, akawatunza, akajishughulisha na bustani na useremala. Akapata nafuu ya kuandika tena. Nasema nafuu kwa makusudi. Cowper hakupona kabisa, na hadi alipokufa mwaka 1800 mara nyingi aliamini Mungu amemkataa, huku waumini wenzake wakiimba tenzi zake na kufarijika. Sijui hadithi inayonipa faraja ya kweli kuliko hiyo. Mche wa kumwagilia, kuku wa kulishwa, mtoto wa jirani wa kufundishwa hesabu: kitu ambacho kesho kitakuhitaji.

Kuhusu mahubiri ya kwenye simu: chukua moja kwa siku, inatosha. Mtu anaweza kusikiliza wahubiri saa nane mfululizo na jioni awe mpweke kuliko asubuhi, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemwita jina.

Hatua ya 6: Rudi kusanyikoni kwa mlango mdogo

Waebrania 10:25 inatutaka tusiache kukusanyika pamoja, na watu hupenda kuurusha mstari huo kama jiwe. Lakini kwa aliyekaa nje muda mrefu, ibada kubwa ya Jumapili ndio mlango mgumu kuliko yote: unaingia peke yako, unakaa peke yako, unatoka katikati ya watu wanaokumbatiana. Anza kwingine. Nenda kwenye maombi ya katikati ya wiki yenye watu wanane. Fika mapema nusu saa ukaombe kazi: kupanga viti, kufagia, kugawa vitabu vya tenzi. Mwenye ufagio mkononi hana haja ya kutafuta la kusema, na watu humzoea. Fanya hivyo mara nne kabla hujaamua kama hapo panakufaa au la, maana mara ya kwanza pote ni pageni.

Huwezi kutoka? Omba waje na meza ya Bwana nyumbani. Ni haki ya mgonjwa, usione unawasumbua. Na kama jeraha lako lilitoka kanisani kwenyewe, tafuta kusanyiko jingine bila kujihukumu. Aliyeungua jikoni bado anahitaji kula.

Hatua ya 7: Mtafute aliye pangoni

Hii isije mapema. Ukiwa hujala wala kulala, kuwahudumia wengine ni njia nyingine ya kujikimbia. Lakini ukishapata nguvu kidogo, mpigie mmoja unayedhani yuko kama ulivyokuwa wewe. Mmoja tu. Umwulize amekula nini, usimhubirie. Eliya, baada ya mkate na usingizi na malalamiko na hesabu mpya, alipewa mtu: Elisha mwana wa Shafati, ambaye hakumwacha mpaka siku ya mwisho.

Onyo kidogo katikati ya njia

Kuna watu wanaomnusa mpweke kutoka mbali. Mmoja atakuambia upweke wako ni kifungo, na ufunguo wake ni sadaka ya kiasi fulani itumwe leo kabla ya saa sita. Mwingine atakuja kwenye simu kama mcha Mungu mwenye mapenzi mengi, hajawahi kukuona, na baada ya wiki tatu ana dharura ya pesa. Mwingine atataka uvunje mawasiliano na ndugu zako wote ubaki naye. Kanuni yangu ni moja: anayetaka pesa, siri, au ukate watu, usifanye lolote kabla hujamwambia mtu wa tatu. Kama anakuzuia kumwambia mtu wa tatu, umekwisha kupata jibu.

Kama wewe ndiye unayekwenda kumtembelea

Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hiyo ndiyo kazi bora waliyoifanya. Waliharibu walipofungua vinywa. Nenda, kaa, osha vyombo, sema pole, omba kwa ufupi, na kabla hujaondoka taja siku utakayorudi. Kisha rudi siku hiyo.

Siku mbaya ikirudi

Itarudi, mara nyingi kwenye sikukuu, siku ya kumbukumbu ya marehemu, au Jumapili mchana bila sababu yoyote. Iandalie karatasi sasa, ukiwa na akili timamu, uibandike ndani ya mlango wa kabati. Juu andika: "Nimekula? Nimelala? Nimetoka nje?" Chini yake namba ya zaburi moja, ile ambayo mdomo wako unaiweza. Chini yake Waebrania 13:5, "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa," na Zaburi 68:6, inayosema Mungu huwakalisha wapweke nyumbani. Kisha majina mawili na namba zao za simu, watu ambao umekwisha kuwauliza wakakubali kwamba unaweza kuwapigia hata usiku. Acha nafasi ya jina la tatu.